Walter Plowright: Tabibu wa mifugo aliyeing'oa sotoka

KILA kiangazi kinapokaribia kule Kiboko, Kaunti ya Makueni, wafugaji wa kuku huingiwa na hofu moja. Kuku aliyelala akiwa mzima huamka amejikunyata, mabawa yamelegea, anahema kwa shida na kukoroma kama mwenye kifua. Baada ya siku chache, boma lililojaa kuku huweza kubaki na wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Ugonjwa huo ni kideri, ambao wataalamu huuita kwa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, ulikotambuliwa mwaka wa 1926. Hauna tiba. Mwenye kuku hana budi kuwachanja mapema au kungoja hasara.

Si mbali na maboma hayo, katika nyanda za Kituo cha Utafiti cha Kiboko kando ya barabara kuu ya kuelekea Mombasa, ng'ombe hula majani bila bughudha. Wachungaji wao huwaza ukame, kupe na ugonjwa wa miguu na midomo. Hakuna anayewaza sotoka. Kijana wa miaka 20 huenda hata jina hilo hajalisikia, ingawa babu wa babu yake alilitaja kwa kutetemeka.

Ajabu ni kwamba virusi vya kideri na vile vya sotoka ni vya ukoo mmoja. Mbona basi mmoja wa ndugu hao amefutika katika uso wa dunia ilhali mwingine angali anaingia bomani apendavyo? Sehemu kubwa ya jibu imo katika maisha ya Walter Plowright, mtafiti aliyefanya kazi yake kuu si London wala New York, bali Muguga, kilomita chache kutoka Nairobi.

Balaa lililoangusha jamii

Ili kuipima kazi ya Plowright, ni sharti kwanza kukumbuka alichopambana nacho.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwaka wa 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia lililokuwa Eritrea. Bara hili halikuwa limeuzoea ugonjwa huo, na mifugo yake haikuwa na kinga yoyote. Kufikia mapema miaka ya 1890, ulikuwa umeenea Afrika Mashariki. Mnamo 1896 ulivuka mto Zambezi na kuendelea kusini.

Ng'ombe aliyeambukizwa alipandwa na homa, machozi na kamasi vikamtiririka, vidonda vikamjaa mdomoni, kisha akahara hadi maji yakamwishia mwilini. Wengi walikufa kabla ya majuma mawili kwisha. Katika sehemu nyingi inakadiriwa kwamba kati ya ng'ombe kumi, wanane au tisa waliangamia. Nyati, pofu na tandala nao walianguka porini.

Kwa Wamaasai, kipindi hicho kilikuwa cha maangamizi, kwani ng'ombe ndiye aliyekuwa chakula, mahari na heshima. Ukambani nako, watu walikuwa hawajainua vichwa vyao ukame ulipowashukia mwishoni mwa karne hiyo na kuleta njaa ya 1898 hadi 1900, ambayo Wakamba huikumbuka kwa jina la Ngomanisye. Ndui na nzige walikamilisha kilichobaki.

Hivyo, wakoloni walipokuwa wakijenga reli na kugawa ardhi, walizikuta jamii ambazo nguvu zake zilikuwa tayari zimevunjwa na virusi visivyoonekana kwa macho.

Kutoka Holbeach hadi Muguga

Walter Plowright alizaliwa Julai 20, 1923 katika mji mdogo wa Holbeach, wilaya ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Hilo ni eneo la mashamba, na mtoto aliyekulia huko hakuhitaji kuelezwa maana ya mnyama kwa maisha ya mkulima.

Alisomea udaktari wa mifugo katika Chuo cha Kifalme cha Mifugo, London, na kufuzu mwaka wa 1944, vita vya pili vya dunia vikiwa vinaendelea. Kama vijana wengine wa rika lake, alijiunga na jeshi, akawekwa katika kikosi cha madaktari wa mifugo. Utumishi huo ndio uliomfikisha Kenya kwa mara ya kwanza na kumfungua macho kuhusu maradhi ya nchi za joto.

Baada ya vita alirejea chuoni kufundisha, lakini hakukaa sana. Mnamo 1950 alijiunga na huduma ya utafiti wa mifugo ya makoloni na kurudi Kenya. Ukiacha kipindi alichohudumu Vom, Nigeria, aliishi na kufanya kazi nchini hadi 1971.

Makao yake yalikuwa Muguga, kwenye Shirika la Utafiti wa Mifugo la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilikuwa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye likawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliyovunjika mwaka wa 1977.

Chanjo zilizoumiza

Plowright hakuwa wa kwanza kutafuta chanjo ya sotoka. Nchini India, katika miaka ya 1920, watafiti walikuwa wamegundua kwamba virusi vikipitishwa kwa mbuzi mara nyingi, ukali wake kwa ng'ombe hupungua. Maabara ya Kabete ilitengeneza chanjo ya aina hiyo, nayo iliokoa mifugo mingi. Wengine walivizoeza virusi kwa sungura. Wakati wa vita, huko Kanada, vilizoezwa hata kwa mayai ya kuku.

Hata hivyo, kila njia ilikuwa na kasoro yake. Chanjo ya mbuzi ilikuwa kali mno kwa aina fulani za ng'ombe, hasa wa kigeni na wale waliodhoofika. Baadhi waliugua, wengine wakafa. Ile ya sungura ilikuwa pole zaidi, lakini kuitengeneza kwa wingi kulikuwa na taabu zake.

Mfugaji aliyemwona ng'ombe wake akianguka baada ya kudungwa sindano hakuwa na sababu ya kumleta wa pili. Ndiyo maana swali lililomkabili Plowright halikuwa la maabara peke yake. Alihitaji chanjo ambayo mfugaji angeiamini, ambayo ingemfaa ndama na ng'ombe mkongwe, wa kienyeji na wa gredi, mwenye afya na aliyekonda kwa kiangazi.

Kazi ya subira

Wakati huo sayansi ilikuwa imepata chombo kipya. Mnamo 1949 Wamarekani watatu, John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins, walikuwa wameonyesha kwamba virusi vya polio vinaweza kukuzwa kwenye seli zilizotunzwa katika chupa, nje ya mwili. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1954.

Plowright na mwenzake R. D. Ferris waliuleta ujuzi huo Muguga na kuutumia kwa sotoka. Walichukua seli kutoka kwa figo za ndama, wakazikuza katika vyombo vya kioo, kisha wakaziambukiza virusi vya aina iliyojulikana kama Kabete O. Virusi hivyo vilikuwa vikali na vilimuua ng'ombe bila huruma.

Seli zilipojaa virusi, walichota kiasi kidogo na kukitia katika seli mpya. Zilipojaa tena, walichota tena. Walirudia hivyo zaidi ya mara 90, miaka ikipita.

Msingi wa kazi hiyo ni rahisi kuueleza ingawa ni mgumu kuutimiza. Virusi vinavyoishi chupani kizazi baada ya kizazi huzoea maisha ya chupani. Hupoteza uwezo wa kumdhuru mnyama, lakini sura yake ya nje hubaki ileile. Mwili wa ng'ombe ukivikuta, huvitambua, hujenga kinga, na siku adui halisi ajapo hukuta mlango umefungwa.

Kufikia mwaka wa 1962, Plowright na Ferris walikuwa wamechapisha matokeo. Chanjo yao haikumwugusha ng'ombe wa aina yoyote, na virusi vyake havikuhama kutoka kwa aliyechanjwa hadi kwa mwingine. Sindano moja ilitosha. Mifugo iliyofuatiliwa kwa miaka mingi ilidhihirisha kwamba kinga hiyo ilidumu karibu maisha yote ya mnyama.

Zaidi ya hayo, ilikuwa rahisi kutengeneza na bei yake ilikuwa nafuu, kiasi kwamba maabara za Afrika zenyewe ziliweza kuizalisha bila kungoja meli kutoka Ulaya.

Nyumbu, ngiri na papasi

Lingekuwa kosa kumkumbuka Plowright kwa sotoka pekee. Akiwa Muguga alichunguza maradhi mengine yaliyowasumbua wafugaji wa Afrika Mashariki.

Wamaasai walikuwa wakijua tangu jadi kwamba ng'ombe wakichanganyika na nyumbu wakati wa kuzaa, baadhi yao hupatwa na homa kali ya kamasi, macho yakaingia ukungu, wakafa. Wageni wengi walilichukulia jambo hilo kama imani tu. Mnamo 1960 Plowright na wenzake walithibitisha kwamba wafugaji hao walisema kweli, baada ya kuvipata virusi vya ugonjwa huo ndani ya nyumbu wenyewe, ambao hawaonyeshi dalili yoyote.

Kadhalika, mnamo 1969 yeye na wenzake walionyesha kwamba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika hujificha ndani ya papasi wanaoishi kwenye mashimo ya ngiri. Homa hiyo ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka wa 1921, lakini maskani ya virusi vyake yalikuwa yamebaki fumbo.

Ushindi ulioponyoka

Mwaka uleule wa 1962, mataifa ya Afrika yaliyokuwa yakijipatia uhuru yalianza kampeni ya pamoja ya kuchanja ng'ombe. Kampeni hiyo, iliyoitwa Mradi wa Pamoja wa 15, ilidumu hadi 1976 na kuhusisha nchi 22. Chanjo iliyotoka Muguga ndiyo iliyokuja kuwa silaha kuu.

Sotoka ilirudi nyuma kwa kasi. Katika nchi nyingi ilitoweka kabisa, na watu wakaanza kusherehekea.

Hapo ndipo kosa lilipotendeka. Serikali zilidhani vita vimekwisha, zikapunguza fedha, zikaacha kuchanja ndama wapya na kufuatilia maficho yaliyosalia. Mapema miaka ya 1980 ugonjwa ulilipuka upya na kuzoa mifugo kutoka Afrika Magharibi hadi Mashariki. Kazi ya miaka 14 ilibidi irudiwe, na mnamo 1986 kampeni mpya ya bara zima ikaanzishwa.

Marudio hayo yalifichua udhaifu wa chanjo ya Plowright. Wa kwanza ulikuwa joto. Chanjo hiyo ilihitaji barafu tangu kiwandani hadi bomani, na katika jangwa lisilo na umeme wala barabara, chupa nyingi zilikuwa zimekwisha nguvu kabla ya sindano kuchomolewa. Wa pili ni kwamba damu ya ng'ombe aliyechanjwa haikuweza kutofautishwa na ya yule aliyeugua akapona, hivyo ilikuwa vigumu kujua kama ugonjwa ungalipo.

Wanasayansi walijaribu njia mbili za kutatua matatizo hayo. Ya kwanza ilikuwa ya kisasa kabisa. Mnamo 1988 Tilahun Yilma, mzaliwa wa Ethiopia aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake walitangaza kwamba wamechukua jeni za virusi vya sotoka na kuzipandikiza katika virusi vya chanjo ya ndui. Ng'ombe waliochanjwa walikingika bila kuingiziwa virusi kamili vya sotoka. Chanjo nyingine ya jeni zilizopandikizwa, iliyobebwa na virusi vya ndui ya mifugo, ilifanyiwa majaribio Muguga kwenyewe katika miaka ya 1990.

Njia ya pili ilikuwa ya unyenyekevu zaidi. Karibu na mwaka wa 1990, Jeffrey Mariner wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, alichukua virusi vilevile vya Plowright na kubadilisha namna ya kuvikausha. Chanjo iliyopatikana iliweza kukaa takriban mwezi mmoja bila jokofu. Wafugaji waliofunzwa kwa majuma machache waliibeba mabegani, wakaipeleka kwa miguu hadi mahali ambapo gari la daktari lisingefika, ikiwemo Sudan Kusini iliyokuwa vitani.

Ni njia hii ya pili iliyomaliza kazi. Chanjo za jeni zilithibitisha uwezo wake, lakini sotoka iliisha kabla hazijapelekwa kwa mfugaji.

Pumzi ya mwisho Kenya

Kwa watu wa Makueni, sura ya mwisho ya kisa hiki haikuwa mbali. Mnamo 1994 nyati na tandala walianza kufa katika mbuga ya Tsavo, mwendo mfupi kwa gari kutoka Kiboko. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilikuwa sotoka, ya aina iliyojificha kwa ng'ombe kwa dalili hafifu lakini ikawaua wanyama wa porini. Ilifika hadi mbuga ya Nairobi mwaka wa 1996.

Kisa cha mwisho kuthibitishwa duniani kilipatikana kwa nyati katika mbuga ya Meru mwaka wa 2001. Kwa hivyo, Kenya ndiyo iliyotoa virusi vilivyozaa chanjo, ikatoa maabara ilimotengenezwa, na ndiyo iliyoishuhudia sotoka ikivuta pumzi ya mwisho.

Wakati huo Plowright alikuwa mzee aliyestaafu. Baada ya kuondoka Muguga mnamo 1971 alikuwa profesa katika chuo alichosomea, kisha akaongoza idara ya utafiti katika taasisi ya Compton hadi 1983. Mnamo 1981 aliteuliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Wanasayansi, na mwaka wa 1999 akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani.

Alifariki Februari 2010, akiwa na umri wa miaka 86. Mei 25, 2011, Shirika la Kimataifa la Afya ya Wanyama lilitangaza kwamba dunia haina tena sotoka, na mwezi uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likathibitisha hivyo. Baada ya ndui ya binadamu, huo ukawa ugonjwa wa pili katika historia kufutwa na mkono wa mwanadamu. Mwenye kuipanda mbegu hakuuona mti ukivunwa.

Deni kwa mfuga kuku

Turejee sasa Kiboko, kwa yule mwenye kuku.

Kideri kiliripotiwa Kenya tangu 1935, na hadi leo hakijang'oka. Si kwamba sayansi imelala. Tangu katikati ya miaka ya 1990 zimekuwapo chanjo za kuku zinazotengenezwa kwa kupandikiza jeni za kideri katika virusi vya ndui ya kuku, au katika virusi visivyo na madhara vya bata mzinga. Kifaranga huchanjwa siku anayototolewa, au hata angali ndani ya yai, na chanjo moja humkinga dhidi ya maradhi zaidi ya moja. Wakaguzi pia wanaweza kutofautisha kuku aliyechanjwa na aliyeambukizwa, jambo lililomshinda Plowright.

Lakini zile zinazobebwa na virusi vya bata mzinga kwa kawaida huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi kali mno, nazo hupangiwa vituo vikubwa vya kutotoa vifaranga. Mama mwenye kuku 15 wa kienyeji wanaolala juu ya mti hana naitrojeni, na huenda hana hata jokofu. Chanjo hiyo kwake ni sawa na mvua inayonyesha baharini.

Kinachomfaa ni kile ambacho wataalamu wa Australia walikitafuta kwa kufuata mkondo uleule wa kustahimili joto. Hiyo ni chanjo ya I-2, inayotiwa tone moja jichoni kila baada ya miezi minne, ambayo huvumilia joto kwa muda. Tanzania huitengeneza yenyewe. Hapa Kenya, taasisi ya serikali ya KEVEVAPI hutengeneza chanjo za kideri zinazouzwa kwa bei ndogo. Hata hivyo, chupa moja hutosha kuku mamia, na ikishafunguliwa haina budi kutumika upesi. Mwenye kuku wachache humwagika hasara asipoungana na majirani wachanje kwa siku moja.

Kwa hakika, kuku si ng'ombe. Ng'ombe huchanjwa mara moja na kuishi miaka mingi, ilhali kuku huchinjwa na kuzaliana upesi, na ndege wa porini wana virusi vyao. Hakuna anayeahidi kwamba kideri kitafutwa kama sotoka.

Hata hivyo, maisha ya Plowright yana fundisho kwa wanaopanga bajeti za mifugo mjini Nairobi na katika kaunti. Ubora wa chanjo hupimwa kwa umbali inaofika. Sotoka ilishindwa pale tu chupa ilipoweza kufika kwa mfugaji wa mwisho, katika boma la mwisho, ikiwa bado na nguvu. Tena ilirudi mara moja pale viongozi walipodhani kwamba kupungua kwa ugonjwa ni sawa na kwisha kwake.

Ng'ombe wanaolisha Kiboko leo hawamjui aliyewapa usalama huo. Kuku wanaochakura ng'ambo ya barabara bado wanamsubiri wao. Huenda chanjo yao imeshagunduliwa zamani, na anayesubiriwa ni mtu wa kuwafikishia.